Picha za Meno ya Fahali

Tableti yangu haikuwa na kosa. Mimi, dalali wa mifugo hapa Garissa, niliidharau kwa sababu kila dalali anayo. Nikanunua laptopu ndogo yenye vitufe, nikaingia sokoni kifua mbele.

Siku hiyo nilikuwa nikimtafutia mnunuzi fahali wa baba mkwe wangu, Mzee Abdi, yule niliyemwapia kwamba nimeacha kutafuna miraa. Mteja, mama mwenye bucha Nairobi, alitaka kwanza picha za meno, ajue umri wa fahali. Nikainua laptopu kama nilivyozoea kuinua tableti. Jua lilikipiga kioo, sikuona kitu, lakini niulize watu? Mimi? Mzee akamfunua fahali mdomo, nami kwa bidii ya kulenga nikaachama mdomo. Nikapiga tatu, nikatuma.

Mama akapiga simu. Nikaweka spika, soko zima lisikie biashara ya kisasa.

"Dalali, huyu fahali wako amevaa kofia."

Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa kamera ya laptopu humtazama aliyeishika.

"Na walahi," akaendelea, "majani ya miraa bado yamemganda kwenye meno."

Mzee Abdi akauachia mdomo wa fahali, akageuka kuutazama wangu.