Nilipoulizwa Jina Kiganjo, Nikajiita Kamau

Nilikosa. Naanza na hilo kwa sababu najijua: nikianza na maelezo, nitaeleza mpaka nionekane mimi ndiye niliyekosewa.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo tu. Nikitaja jina langu mbele ya baba wa msichana ninayetaka kumuoa, atanisikia mimi ama atamsikia jambazi? Nililigeuza swali hilo wiki tatu nzima. Niligawa karatasi katikati, kushoto sababu za kusema, kulia sababu za kunyamaza. Nina digrii. Nafundisha hesabu shule ya sekondari hapa Nyeri. Na bado swali ambalo mtoto wa darasa la kwanza hulijibu akiwa anacheza lilinishinda!

Ngoja nikueleze jina lenyewe.

Kwetu majina hayachaguliwi, yana foleni. Mtoto wa kwanza wa kiume ni babu mzaa baba. Wa pili ni babu mzaa mama. Wa tatu ni ndugu mkubwa wa baba. Mimi ni wa tatu, na ndugu mkubwa wa baba yangu aliitwa Gacheru.

Kama ulikuwa na masikio katika miji ya Mlima Kenya miaka ile ya kwanza ya Uhuru, umeshashtuka. Ndiyo, Gacheru yule! Gacheru na mdogo wake Kihara, walioitwa Mapacha wa Mlimani, waliovamia maduka ya jumla kutoka Karatina mpaka Embu, na siku za malipo ya kahawa wakulima wakawa wanatembea wakiangalia nyuma.

Lakini sikiliza jambo ambalo wasimulizi hawalijui. Nilipopewa jina hilo, Gacheru alikuwa mtu wa kukamua ng'ombe kwa Mzungu. Hakuwa ameiba hata yai. Sikupewa jina la jambazi! Ujambazi ulikuja baadaye, ukalikuta jina tayari ni langu.

Haya yote niliyajua kwa Tata. Ndivyo tunavyomwita shangazi. Ni dada yao, na amepanga chumba Majengo, mtaa wa hapa mjini, barazani ana cherehani anayoshonea sare za shule. Nilikaa kwake miaka yangu yote ya sekondari. Na hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita "kaka", kwa sababu kwetu ukipewa jina la mtu, ni yeye amerudi. Hebu fikiria mwanamke wa makamo akimwita mvulana wa kaptura, "Kaka, umekula?" Wageni walicheka. Mimi sikuwahi kucheka. Nilijiona mkubwa.

Jioni, akipiga pindo za sketi, nilimuuliza habari zao.

"Tata, shuleni wanasema walikuwa mapacha."

"Mapacha ya wapi? Kihara akizaliwa, Gacheru alikuwa anachunga mbuzi. Ni masikio tu walifanana."

"Na wanasema walikuwa wanapotea kama moshi."

"Kihara? Na ile pumu yake! Huyo ungemsikia akikuja kutoka huko kwa barabara, hiii, hiii, kama cherehani imekosa mafuta."

Mama Zuhura, jirani wa mlango wa pili, akadakia huku akigeuza mahamri yake. "Mimi walisema nimewaficha ndani ya buibui zangu. Buibui gani ingefunika miguu ya Gacheru? Ile miguu ilikuwa milango!"

Tata alicheka mpaka uzi ukakatika. Kisha akaniambia Gacheru aliogopa bata bukini. Kwa yule Mzungu kulikuwa na bata wakali, walimuuma akiwa kijana. "Bunduki haogopi. Bata bukini akitokea, anapanda mti!"

Lakini mengine hakuyasema akicheka.

"Hii usiisahau, kaka. Kianyaga walimpiga mlinzi wa kiwanda cha kahawa, mguu ukavunjika, hakutembea sawa tena. Alikuwa na watoto. Hiyo haina kucheka." Kila Januari alifunga sare za watoto wa mlinzi yule ndani ya kiondo, akazipeleka mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Mara ya kwanza walimfungia mlango, akaziacha kwenye ngazi.

Na la mwisho ni hili. Gacheru alipopigwa risasi karibu na daraja la njia ya Kiganjo, Kihara alikuwa ameshavuka ng'ambo, ameshaponyoka. "Watu husema alishikwa," Tata aliniambia. "Hakushikwa. Alirudi. Walimkuta ameketi kando ya kaka yake, ameshika kofia yake." Kihara alifia gerezani, kifua kimemshinda.

Hao ndio waliokuwa kwenye karatasi yangu, upande wa kulia.

Msichana ni Nyambura, mwalimu mwenzangu, ambaye nilidhani ananijua kwa jina la ubatizo tu. Baba yake aliwafundisha askari wapya gwaride pale chuo cha polisi cha Kiganjo. Amestaafu, lakini mgongo wake haujastaafu. Hapo unaelewa hofu yangu. Jina la Gacheru ndani ya nyumba ile! Nilijiambia ningetaja jina la ubatizo tu, lakini mzee kama yule angetaka la nyumbani. Nikawaza zaidi. Nikawaza mpaka akili ikapita mahali pa kusimama.

Tulienda kwake Kiganjo Jumamosi kuanza mazungumzo ya mahari. Tulikuwa baba, mzee jirani aliyekuwa msemaji wetu, kaka yangu mkubwa, na Tata. Langoni tukapokewa na bata bukini sita, shingo ndefu, wakali kama wenye boma. Tata akanibana mkono, akaninong'oneza, "Kaka, kaza roho." Ningecheka siku nyingine yoyote. Siku hiyo nilikuwa napiga hesabu.

Tukaketi. Chai ikamiminwa, nduma zikaletwa. Msemaji akasimama. "Huyu hapa ni Kamau, kifungua mimba wa nyumba hii. Na huyu ndiye mwenye shughuli, kijana wetu wa tatu."

"Na yeye hana mdomo?" Mzee, baba yake Nyambura, akauliza. "Kijana, unaitwa nani?"

Nikasema, "Kamau."

Jamani! Kamau ni babu yetu, mzee wa kanisa, jina safi. Karatasi ilikuwa imelichagua. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa kwamba mwenye jina hilo ameketi kando yangu na nduma mdomoni.

Kaka yangu akaacha kutafuna.

"Kamau wawili nyumba moja?" Mzee akasema. "Ati mliishiwa na majina?" Wamama wakacheka. Yeye hakucheka. Akainua mkono wake mkubwa, akaanza kuhesabu vidole. "Wa kwanza, baba ya baba. Wa pili, baba ya mama. Wa tatu..." Akakishika kidole cha tatu, hakukiachilia. "Wa tatu ni ndugu mkubwa wa baba. Huyo aliitwa nani?"

Mwalimu wa hesabu, nimeshindwa kuhesabu mpaka tatu!

Baba alikuwa anaichunguza kofia yake kana kwamba ameikuta njiani. Tata ndiye aliyesimama.

"Aliitwa Gacheru," akasema. "Ndiyo, huyo mnayemfikiria. Alikuwa kaka yangu, na nilidhani amerudi. Kumbe nilikosea."

Akachukua kiondo chake, akatoka, akapita katikati ya bata wale bila kugeuka.

Mzee akanitazama. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Kijana, mimi nimefundisha askari. Jambazi namjua. Mwongo pia namjua. Jambazi hayuko hapa leo." Kisha akawaambia wazee wangu, "Chai imeisha." Birika lilikuwa limejaa.

Nyambura alinifuata mpaka langoni. Nilidhani atalia. Wapi!

"Jina lako nililijua tangu wiki ya kwanza," akasema. "Uliacha cheti chako kwa meza ya ofisi. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka kungoja."

Jumamosi iliyofuata nikaenda Majengo. Tata aliinua macho, akaweka kitambaa kando, akaniuliza kwa adabu zote, "Karibu, mteja. Ni suruali ama shati?"

Mteja! Afadhali angenitupia mkasi.

"Tata, nimekuja kuomba..."

"Hapa tunashona. Ni suruali ama shati?"

Mama Zuhura hakuninusuru. "Mpimie sanda huyo! Ana digrii, lakini roho imekufa."

Nilirudi nyumbani na hasira. Nilimkasirikia Mzee kwa vidole vyake, Tata kwa kusimama, baba kwa kofia yake. Niliwakasirikia wale waliokufa. Ilichukua siku kadhaa hasira ipate njia ya kurudi kwa mwenyewe, na ilipofika, ilinikuta nimeshika swali lingine kabisa. Nani aliniambia nione aibu? Hakuna! Mzee hakuwa amenifukuza kwa jina langu. Nyambura alilijua na bado aliniletea chai kila mapumziko. Hukumu niliyokuwa naikimbia niliiandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye karatasi yenye mstari katikati.

Yule mlinzi wa Kianyaga ana haki ya kulichukia jina la Gacheru, na akilitemea mate mbele yangu nitainamisha kichwa. Lakini hawa wengine wanaopiga hadithi za moshi na buibui, na mapacha ambao hawakuwa mapacha, hawanidai kitu. Baba wakubwa wa watu wengine walilewa, wakauza mashamba, wakapiga wake zao, na majina yao yanaitwa kanisani kila Jumapili bila mtu kukohoa. Kwa nini langu ndilo liingie chini ya kitanda?

Karatasi niliichana. Jumamosi nikarudi Majengo.

"Karibu, mteja. Ni suruali..."

"Koti," nikasema. "La kurudia Kiganjo. Na uliandike kwa daftari yako: la Gacheru."

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Mama Zuhura akasahau mahamri yake motoni. Tata akavuta daftari anamoandikia vipimo, akalamba ncha ya penseli, akaandika polepole. Kisha akashika utepe.

"Simama wima," akasema. "Gacheru alikuwa na mabega kukushinda."

Hakuniita kaka. Lakini jina liliandikwa.

Jumapili iliyopita nilienda Kiganjo peke yangu nikiwa ndani ya koti hilo. Bata walinikimbilia wote sita, na hapo nikagundua nilichokuwa sijui: nawaogopa vibaya sana! Miguu ilitaka mti. Nikaikatalia. Nilisimama pale pale, mmoja akining'ang'ania pindo la koti, mpaka Mzee akatokea mlangoni.

"Naitwa Gacheru," nikasema kwa sauti ambayo nadhani majirani waliisikia. "Nimepewa jina la ndugu mkubwa wa baba. Aliiba. Alivunja mtu mguu Kianyaga. Alikufa karibu na hapa. Mimi sijaiba. Lakini nilidanganya ndani ya nyumba yako, na hilo ni langu, si lake."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Na mbona unatetemeka?"

"Ni bata, Mzee. Hata yeye aliwaogopa."

Uso wake haukubadilika, ila bega moja lilitikisika. Akachukua fimbo, akawafukuza. "Sasa nimesikia jina. Ingia. Na ukileta wazee tena, yule mama wa cherehani akae mbele."

Nyambura alinipa chai bila kunitazama. Ilikuwa na sukari. Mtu aliyekukataa hakutilii sukari, hayo ndiyo mawazo yangu, na unajua mimi ni mtu wa mawazo mengi.

Basi wewe unayesoma hapa, uliye na jina ambalo watu wakilisikia wanaangaliana: usilifanye kosa langu! Usiazime jina la babu kujisitiri. Utahesabiwa kwa vidole mbele ya watu, na atakayeumia si wewe peke yako. Ataumia yule aliyekuwa anakuita kwa hilo jina kwa mapenzi. Waliokufa walishalipa yao. Wewe sema lako, useme pia ubaya wao bila kuupaka asali, kisha simama hapo hapo hata bata wakikuuma.

Mhariri, jina la baba nimelificha kwa heshima yake, na anwani yangu usiichapishe. Langu sifichi tena.

Jumatatu niliingia darasani, nikaandika jina langu lote ubaoni kwa herufi kubwa, mahali ambapo tangu niajiriwe nilikuwa naandika herufi moja tu na nukta. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, kama yule jambazi?"

"Kama yule," nikasema. "Fungua kitabu."