Oili ya Meli kwenye Nguzo ya Geti

Kati ya watu wote wanaoishi chini ya kilima cha Kariandusi, nadhani ni mimi peke yangu niliyewahi kushtaki meli. Majirani hawakuona ajabu sana. Kwetu watu hushtakiana kila mara kwa ajili ya mbuzi na mipaka ya shamba. Walipouliza meli yenyewe iko wapi nikasema sijui, iko safarini, wakanihurumia kidogo kisha wakaendelea na mambo yao. Mmoja alitaka kujua kama meli huletewa samansi ya korti. Nilimwambia ndiyo. Akauliza nani huipelekea.

Nilikuwa nimesomea ufundi wa mitambo Nakuru, na badala ya kutafuta kazi ya matrekta kama wenzangu wenye akili, nikashuka Mombasa nikaandikwa kazi melini. Aliyeniandika alikuwa wakala mwenye chumba kimoja na feni. Meli ilipeperusha bendera ya kisiwa ambako haikuwahi kutia nanga, mwenye meli alikuwa wa nchi nyingine, na kampuni iliyoisimamia ilikuwa ya nchi ya tatu. Wakati huo niliona fahari kufanya kazi na dunia nzima. Baadaye, nilipohitaji mtu mmoja wa kumshika shati, ndipo nilipoelewa kwa nini walikuwa wengi hivyo.

Kazi yangu ilikuwa ya chini kabisa katika chumba cha injini: kupangusa, kubeba, kukaza nati, kupangusa tena. Injini ya meli hutoa uchafu mzito mweusi, oili iliyochanganyika na maji. Sheria inasema uchafu huo upite kwenye mtambo wa kuuchuja, maji yaende baharini yakiwa safi, na oili ibaki kwenye tangi mpaka bandarini. Meli yetu ilikuwa na mtambo huo. Ulikuwa umepakwa rangi vizuri na hakuna aliyeuwasha. Badala yake kulikuwa na paipu iliyoukwepa mtambo na kwenda baharini moja kwa moja. Pembeni pake palikuwa na magunia ya unga mweupe wa kunyonya oili ikimwagika, unga wa aina ile ile inayochimbwa karibu na kwetu na kututia weupe kwenye nyusi wakati wa kiangazi. Niliutambua kabla sijasoma gunia. Hakuna gunia lililokuwa limefunguliwa.

Siku moja mhandisi mkuu aliniambia nifungue vali ya ile paipu. Nilikataa. Ningependa kusema nilitoa hotuba, lakini nilisema tu, "Hapana, sir," nikaenda kupangusa mahali pengine. Akamtuma mtu mwingine. Tulipofika bandarini na wakaguzi wakaingia, niliwaonyesha paipu kwa kidole, wakaipiga picha. Mhandisi mkuu akawaeleza kwa upole mwingi kwamba paipu hiyo niliiunga mimi, kwa uvivu wangu, ili nisisumbuke na mtambo. Nahodha alikubaliana naye. Muda mfupi baadaye nilikuwa kwenye ndege ya kurudi nyumbani, nimefutwa kazi kwa kosa la kuchafua bahari.

Kabla ya kushuka melini nilikuwa nimechota uchafu ule kwenye chupa ya shampuu, nikaifunga vizuri, nikaitia ndani ya soksi katikati ya sanduku. Nilijiambia kwamba huo ndio ushahidi wangu. Nilijiona mwerevu kupita kiasi.

Baba alinipokea bila maswali. Mama alishatangulia, kwa hivyo nyumbani tulikuwa mimi, yeye na mifugo yake, na maneno ya baba hutoka kama ya mtu anayeazima kwa jirani. Jioni ile nilimweleza kila kitu, jinsi nilivyokataa na jinsi nilivyosingiziwa. Ya chupa sikuyataja. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa," akatoka kwenda kuwafungia mbuzi. Hakuniuliza kama ni kweli. Nilingoja aniulize kesho yake, na siku iliyofuata, na hakuuliza. Kusingiziwa na wageni kunauma, sikatai. Lakini baba yako akinyamaza, unaanza kuhisi kama kweli kuna kitu ulimwaga.

Chupa niliiweka stoo, kwenye rafu ya dawa za mifugo, nikaenda Nakuru kutafuta wakili. Nilimpata mama mmoja wa makamo mwenye ofisi juu ya duka la mbegu. Kesi zake za kila siku zilikuwa za mashamba na ajali za barabarani. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nimeshtaki malori, nimeshtaki mabasi," alisema. "Meli bado. Wacha tuone."

Alinieleza kwamba mkataba wangu unataka kesi isikizwe na mwamuzi aliye ng'ambo, kwa video, na kwamba tutakuwa na madai mawili: kwanza kwamba nilifutwa bila haki, pili kwamba walioichafua bahari ni wenye meli. Nilimwambia mimi nina haja moja tu. Nataka waseme si mimi. Bila hilo hakuna meli itakayoniandika, na hata nisipoandikwa tena, sitaki kuzeeka nikiitwa mtu aliyemwaga oili baharini.

"Una ushahidi?" aliuliza.

Nikamwambia uko stoo.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wenye meli hawakulielewa mpaka mwisho. Mchwa wa upande wetu hula nguzo ya mkaratusi kama biskuti. Dawa yake ni oili chafu, ile inayotolewa kwenye injini ya lori ikishachoka. Unaipaka nguzo sehemu inayoingia ardhini, na nguzo inaishi. Kwa hivyo kwetu oili chafu si takataka, ni mali. Watu huiwekea oda gerejini mapema, na kuna marafiki waliokosana kwa sababu yake.

Niliporudi kutoka Nakuru nilikuta nguzo ya geti imeng'olewa, imepakwa, imerudishwa mahali pake. Ilikuwa inang'aa. Baba alikuwa amesimama kando yake na brashi mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi alikuwa anatabasamu.

"Nimeiona zawadi yangu," alisema. "Wengine wanaletewa simu. Mimi kijana wangu ametoka majuu akakumbuka mchwa."

Chupa ilikuwa tupu. Alikuwa ameikung'uta mpaka tone la mwisho, akaiosha kwa sabuni, akaianika kwenye ua kwa sababu ilikuwa chupa nzuri.

"Ni kidogo lakini ni nzito," aliendelea. "Imetosha nguzo moja tu, ndio nikachagua ya geti."

Nilimwambia ile ilikuwa nini. Sikupaza sauti, na kwa hilo najisifu. Tabasamu lilimpotea polepole. Aliweka brashi chini, akaiangalia nguzo, akauliza kama inaweza kukamuliwa.

Nilimpigia wakili simu nikamweleza. Akasema nguzo isiguswe na mtu, wala mbuzi. La mtu niliweza kuliahidi. Baada ya siku chache nguzo ya geti letu ilipakiwa juu ya lori la viazi kutoka Molo, imefungwa kwa nailoni, ikapelekwa Nairobi kupimwa maabara. Baba alilifunga geti kwa waya kwenye mgunga ulio jirani. Nilimwambia nitamletea nguzo nyingine.

"Hapana," alisema. "Geti litakaa hivyo mpaka hao watu waseme."

Kesi ikavuta muda. Mimi nikapata kazi ya gereji Salgaa, chini ya malori. Kila nilipofungua oili ya injini, mkulima fulani alikuwa tayari amesimama nyuma yangu na mtungi. "Boss, hiyo ni ya nani?" Nilikuwa nikiwagawia, na moyoni nikimkumbuka mhandisi mkuu na bahari yake. Nyumbani geti lilining'inia. Mbuzi walijifunza kupita chini yake, na kila jioni baba aliwafuata kwa majirani na kuwarudisha bila kulalamika. Nguzo nyingine zilipoanza kuliwa, hakuzipaka. Brashi ilikaa stoo.

Siku ya kusikizwa tuliketi ofisini kwa wakili mbele ya kompyuta. Baba alikuwa amevaa suti yake ya kanisani. Maabara ilikuwa imeandika kwamba kwenye nguzo kuna oili inayofanana na ya meli, na pia mkojo wa mbuzi kwa wingi, kwa hivyo haiwezi kuapa. Kupitia mkalimani, wakili wa wenye meli alisema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba nguzo hiyo inatosha kuonyesha malezi yangu. Huyu anatoka nyumba ambako oili humwagwa ardhini, ataonaje vibaya kuimwaga baharini? Akamgeukia baba.

"Mzee, ni kweli au si kweli kwamba unamwaga oili kwenye udongo?"

"Haimwagwi," baba alisema. "Inapakwa. Na brashi."

"Jibu ndiyo au la."

"Bwana, mimi nikitaka oili chafu naenda kuomba gereji ya Gilgil. Naenda asubuhi na narudi jioni, na siku nyingine narudi na mtungi mtupu. Huyu kijana nilikuwa namtuma tangu akiwa mdogo. Akimwaga kidogo njiani alikuwa analia kabla sijamuuliza." Aliisogelea kompyuta. "Mnasema alimwaga tangi zima. Mimi hata sikumuuliza. Ningemuuliza kitu kama hicho kwa nini?"

Nilitazama meza. Miezi yote ile nilikuwa nimebeba kunyamaza kwake kama jiwe tumboni, kumbe mzee hakuona swali. Nilifurahi. Wakili wa wenye meli alisema hilo si jibu la alichouliza. Mwamuzi akakubaliana naye, akamwomba baba ajibu ndiyo au la.

"La," baba alisema, akafunga kifungo cha koti.

Uamuzi ulipokuja, wakili alinisomea kwa simu nikiwa chini ya lori. Nilitetewa na kutu. Picha za wakaguzi zilionyesha kutu nene kwenye viungo vya paipu, kutu ya muda mrefu, na mimi nilikuwa nimeingia meli ile juzijuzi tu. Mwamuzi akasema sikuiunga mimi, na nilifutwa bila haki. Kuhusu bahari yenyewe alisema hana mamlaka. Hilo ni la serikali ya bandari ile, ikipenda. Mpaka leo sijasikia kama ilipenda. Meli imebadilishwa jina na inaendelea na safari. Kuhusu baba kulikuwa na sentensi moja, kwamba ushahidi wake haukusaidia upande wowote. Nguzo haijarudishwa.

Wakati huo ndipo nilipotoa oili ya lile lori. Wakulima walikuwa wamesimama na mitungi yao. Niliwaambia leo hapana, nikaijaza kwenye mtungi wangu mwenyewe, nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani.

Baba alikuwa getini akifungua waya. Niliteremsha mtungi na nguzo mpya niliyoinunua njiani.

"Wamesema si mimi," nikamwambia.

"Sawa," alisema, kama siku ile ya kwanza.

Alichimba shimo mwenyewe, akakataa nimsaidie. Kisha akaenda stoo akarudi na ile brashi, iliyokuwa imekauka ikawa ngumu, akaipiga piga kwenye goti mpaka ikalainika. Akafungua mtungi, akanusa, lakini hakuichovya brashi. Alibaki ameishika hewani, akinitazama.

"Hii haina kesi?" aliuliza.

"Haina kesi, baba."

"Ni yangu?"

Nilitaka kucheka, na badala yake machozi yakanitoka hapo hapo mbele ya mbuzi. Nikamwambia ndiyo, hii ni yako, nimekuletea wewe. Akaichovya brashi, akainama, akaanza kupaka.