Suruali ya Lastiki

Betri ya gari niliyokuwa nikiitengeneza ilipasuka, asidi ikaniunguza mikono yote miwili. Ilifungwa bendeji kuanzia vidoleni mpaka juu ya vifundo, sikuweza kushika hata kijiko. Wiki ya pili mke wangu alikuwa Kambove kwenye matanga ya dada yake, kwa hiyo mama, ambaye anaishi nasi hapa Panda, ndiye aliyenisindikiza zahanati kubadilishiwa bendeji.

Asubuhi hiyo alinitolea suruali yangu ya zamani. Alikuwa ameng'oa zipu na vifungo na kushona lastiki kiunoni. Niliipandisha mwenyewe kwa viwiko, nikanuna.

"Mama, unanivalisha kama mugonjwa."

"Na weye uko nini, papa?" Ndivyo anavyoniita tangu utotoni.

Nilitaka tupite nyuma ya kambi ya zamani ya wafanyakazi, nisionekane barabarani. Njia hiyo ni ndefu na imejaa mashimo, na mama ana magoti mabaya. Alinifuata na kikapu chake.

Tangu nilipoamka sikuwa nimekunywa kitu. Nilijiona nimefikiri vizuri: asiyekunywa haendi chooni, na asiyekwenda chooni hahitaji mtu. Kwetu mama hagusi mkanda wa mwana aliyekwisha kuoa. Ni aibu kwao wote wawili. Lakini muuguzi alipoona vidonda vinachelewa kupona, alitaka mkojo apime sukari. Alimpa mama kichupa, kwa kuwa mimi sikuwa na mkono wa kukipokea.

Mama alitoa kikapuni chupa ya maji na bua la jani la papai lenye uwazi kama mrija, lililooshwa na kukatwa ncha zote mbili. Akanishikia chupa chini ya kidevu, nikavuta maji mbele ya benchi zima.

"Mama, huyu bado ananyonya?" mwanamke mmoja akauliza, wenzake wakacheka.

"Ni wa mwisho," mama akajibu. "Wa mwisho anachelewaka kuacha."

Baadaye aliingia chooni kabla yangu, akatoka mikono mitupu. Ndani nilikuta kichupa kimefunguliwa, kimebanwa kati ya matofali mawili juu ya ukingo wa dirisha, usawa wa kiuno changu. Lastiki ilishuka kwa kusukumwa na kiwiko. Nje nilimsikia akiwauliza wale wanawake bei ya unga, kwa sauti kubwa ambayo si yake, mpaka nilipomaliza. Kisha akaingia kukichukua kichupa, akakifunika kwa ncha ya kitenge na kukipeleka.

Kila kitu alikuwa amekiwaza kabla yangu, mimi ninayejivunia kuwaza mambo mapema.

Tulipotoka, aligeukia ile njia ya nyuma bila kuambiwa.

"Tupite barabarani, mama."

Alitazama suruali yangu. "Watu watakuona."

"Wanione."

Tulipita barabarani, polepole. Alikuwa akichechemea tangu asubuhi, nami hapo ndipo nilipoona.