Mvutano wa Presha Chumba cha Upasuaji

Daktari wa usingizi alikuwa na mkosi mmoja: bingwa wa kupasua migongo aliyepangwa naye zamu ndiye aliyemwoa dada yake. Kumkwepa hakukuwezekana, kazini wala nyumbani.

Asubuhi moja walimlaza mezani fundi cherehani, mwanamke aliyepinda mgongo tangu utotoni. Kazi haijafika katikati, shemeji akaanza.

"Shem, shusha presha! Damu imejaa, sioni kitu."

"Nimeshashusha."

"Shusha tena!"

Daktari wa usingizi akaongeza kidogo dawa ya kushusha presha, roho upande. Presha ikishuka, kidonda hakivuji sana, ni kweli. Lakini uti wa mgongo nao unategemea damu hiyohiyo. Ukiikosa, mgonjwa anaweza kuamka miguu imekufa. Amelieleza hili mpaka mate yamemkauka: vikaoni, kwenye korido, hata jikoni kwa dada yake.

Kwenye skrini inayopima mawasiliano ya ubongo na miguu, vilima vya mchoro wa mguu wa kulia vikaanza kulala.

"Mguu wa kulia unafifia. Napandisha presha."

"Mashine hiyo inadeka tu. Ngoja nikaze skrubu hii ya kunyoosha mgongo."

"Hukazi kitu! Toa mkono!"

Muuguzi akajifanya anapanga mikasi.

Daktari wa usingizi akaifunga dawa hiyo, akamwongezea mgonjwa damu, akangoja. Vilima vikainuka kwa kusitasita. Hakuridhika. Akapunguza usingizi mpaka mgonjwa akaweza kusikia, akamwinamia sikioni.

"Dada, chezesha vidole vya miguu."

Vya kushoto vikacheza. Vya kulia, kimya. Hasira zote zikamtoka, ikabaki hofu tupu. Shemeji naye, bila kuambiwa, akailegeza skrubu ya mwisho aliyokuwa ameikaza.

"Tena, dada yangu. Jitahidi."

Kidole gumba cha kulia kikatikisika. Kisha vyote.

"Haya, mlaze tena usingizi," shemeji akasema kwa sauti ndogo.

Fundi alitoka hospitali akiburuta mguu kidogo, na baada ya mazoezi akatembea sawasawa. Lakini jioni ileile ya upasuaji, shemeji aliketi sebuleni kwake, miguu juu ya stuli, akimsimulia mkewe mbele ya daktari wa usingizi aliyepita kuwasalimia:

"Leo bwana, tuliona mguu unafifia, tukaamua kupandisha presha haraka."

"Tukaamua?" daktari wa usingizi akaruka. "Wewe na nani?"

Dada yake akacheka mpaka akashika mbavu. Yeye hakuona cha kuchekesha hata kidogo. Akachukua mkoba wake, akaenda zake.