Shangazi na Maji Matupu

Shangazi yangu anaosha lignini. Ukimuuliza ni kitu gani, anakwambia ni ile gundi inayoshika nyuzi za mti zisiachane. Kiwandani mti hukatwa vipande, ukachemshwa kwa magadi makali. Nyuzi huenda kwenye karatasi, yakabaki maji meusi yenye lignini ndani yake. Mzee mmoja, wanamwita Ndimu, huyatia asidi taratibu, na lignini huganda kama tope la kahawia. Shangazi hulikamua kwenye kitambaa cha chujio na kuliosha mara tatu ili chumvi itoke. Sharti ni moja: maji ya kuoshea yawe na asidi kidogo. Ukitia maji matupu, tope huanza kuyeyuka, kitambaa kinaziba, chumvi inabaki humo humo.

Siku moja pipa la maji ya asidi lilikuwa tupu. Kulijaza ni kupanda ngazi, na magoti yalikuwa yanamsumbua. Akafungua bomba la kawaida. Mara moja tu, nani atajua.

Jumatatu iliyofuata, wanunuzi wakarudisha magunia yote ya lignini iliyokaushwa. Walichoma unga kidogo, wakakuta jivu jingi mno, alama ya chumvi iliyobaki. Msimamizi akasema Ndimu kakosea kipimo cha asidi; Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho.

Jioni Ndimu akaja kwetu kunywa chai. Kesho yake tena, na kesho kutwa.

"Shemeji, eti macho yamezeeka," alisema. Si shemeji yake, ni utani wao wa kazini. "Miaka kumi na tisa natia asidi, leo ndiyo nishindwe kusoma mita?"

"Kunywa chai, inapoa."

"Hata wewe huniamini?"

"Nani kasema sikuamini?"

"Basi nitetee. Mdomo wako unajulikana mpaka getini. Wiki hii umeumeza?"

Shangazi akainuka, akaenda kusugua sufuria niliyokuwa nimeiosha muda si mrefu. Aliisugua mpaka Ndimu akaondoka. Usiniulize nilijuaje kuwa kosa ni lake, mtu wa nyumbani utamficha nini?

Alhamisi Ndimu alikuja na mabuti yake ya kazi, akayaweka miguuni pa Shangazi, akapokea chai. "Mpe atakayekuja. Bado mazima haya."

Shangazi hakuyapokea. "Rudi nayo. Ni mimi. Nilioshea maji matupu."

Ndimu akaweka kikombe chini polepole. "Siku nne nakunywa chai hapa," alisema. "Siku nne, unanimiminia, unanitazama." Akachukua mabuti yake, akatoka.

Ijumaa asubuhi Shangazi alitoka mapema kuliko siku zote, moja kwa moja hadi ofisini kwa msimamizi. Ndimu akabakizwa kazini, Shangazi akapelekwa uani kubandua magome ya magogo. Amenisimulia yote ya ofisini, hata kiti alichokalia. Msimamizi alimuuliza swali moja tu: kwa nini hukusema Jumatatu? Alimjibu nini, hajaniambia, nami sijathubutu kumuuliza.