Mgeni Aliyeruka Mara Tatu Mlangoni

Tarehe kumi na tisa Mei mwaka jana nilimpoteza mume wangu, Athumani, na nyumba aliyokuwa akinijengea ikabaki bila paa. Nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta. Usicheke bado. Haya ninayokueleza yametokea kweli, hapa hapa Mayfair, Johannesburg, mchana kweupe, na mwenzangu niliyeyaona naye yuko hai, anasuka nywele mlango wa tatu kutoka kwangu. Ukidhani niliota, nenda kamuulize. Atakueleza mpaka uombe maji.

Athumani alikuwa akichukua kompyuta zilizotupwa na maofisi ya mjini, anazifungua, anazipangusa vumbi, kisha anazitia Linux. Mimi shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nakueleza kama alivyonieleza yeye. Kila kompyuta ina mfumo unaoiendesha. Mingine ina mwenyewe, lakini Linux imetengenezwa na watu wengi wa dunia nzima, wakaiacha wazi, anayetaka achukue, anayeweza aiboreshe. Watu walizoea kumwambia mfumo huo hauchezi gemu. Neno hilo lilimuudhi kuliko tusi. Mteja akilitamka tu, basi chai yangu itapoa: atakalishwa kitini, atafunguliwa mbio za magari, mpira, mizinga, mpaka mwenyewe aombe ruhusa akaswali.

Gemu aliyoipenda zaidi ilikuwa ya kujenga. Humo kila kitu ni cha mraba: miti, mawingu, hata vichwa vya watu. Alianza kujenga nyumba tuliyopanga miaka yote kuijenga kwetu Pongwe, Tanga. Vyumba viwili, baraza mbele, jiko nyuma lenye mlango wake. Kila jioni aliniita nikaone. Mimi nilimjibu nini? "Nina nguo za kupiga pasi, bwana." Ndivyo nilivyomjibu, jioni baada ya jioni. Kisha moyo wake ukasimama, na nguo zile zile zikabaki bila pasi.

Siku ya tatu ya msiba, mdogo wake, Rajabu, aliniita kwa sauti kutoka barazani. Ana duka la kuchapisha kadi na mabango.

"Shemeji, kaka aliniahidi ile kompyuta kubwa. Unajua hilo?"

"Najua. Aliniambia."

"Programu yangu haikubali hiyo Linux. Nitafuta vyote, niweke mfumo mwingine."

"Na nyumba?"

"Nitakupigia picha, shemeji."

Rajabu si mtu mbaya, nisimsingizie. Ahadi ilikuwa ahadi. Nikamwomba kitu kimoja, asubiri eda yangu iishe, akakubali. Siku hiyo alichukua kile kisanduku cha intaneti tu, kwa kuwa cha dukani kwake kilikuwa kimeungua. Kishike hicho kisanduku kichwani. Mimi sikukishika.

Eda ya kufiwa na mume ni miezi minne na siku kumi. Mjane hukaa ndani, hajipambi, hakai na wanaume wa kando anaoweza kuolewa nao. Na hapa Johannesburg ilikuwa inaingia baridi. Nikae nifanye nini? Nikajifunika blanketi, nikawasha kompyuta ya marehemu. Nilitaka kabla haijafutwa niione nyumba yangu ina paa. Hilo tu.

Niamini, wiki ya kwanza nilikuwa kichekesho. Nilitumbukia shimoni mara tisa. Nilizama ziwani nikipiga kelele, Mama Furaha akaja mbio na kitana mkononi akidhani nimevamiwa. Mama Furaha ndiye jirani niliyekutajia, msusi, Mkongo wa Bukavu. Alitazama ile skrini, akanitazama mimi.

"Dada, unalia juu ya hii katuni?"

"Nimezama."

"Eish! Basi toka kwa maji!"

Tangu siku hiyo alikuja kila alasiri, akinisukia nywele zangu au akila karanga zangu, huku akiniamuru nikanyage wapi.

Sasa sikiliza. Wiki ya tatu nilikuwa ndani ya ile nyumba ya mraba, mbao zimeniishia, paa halijafika hata robo. Dirishani nikaona mtu anakuja. Kichwa cha mraba, shati la buluu, anatembea polepole kutoka upande wa miti. Akafika mlangoni, akasimama. Akaruka juu mara tatu. Akangoja. Kisha akageuka akaenda zake.

"Ule mutu ni nani?" akauliza Mama Furaha.

"Sijui. Mwanamume."

"Muko wengi mule ndani?"

"Labda. Mimi ni mgeni humu."

Kesho yake akaja tena, saa ile ile, baada ya alasiri. Akaruka mara tatu, akangoja, akaondoka. Na mimi, nitakwambia ukweli, nilivuta mtandio nikajifunika vizuri. Unacheka? Ungekuwa wewe ni mjane, uko kwenye eda, mwanamume usiyemjua anasimama mlangoni pako, ungefanya nini? Hakuna aliyenifundisha kama mtu wa kwenye kompyuta ni mtu wa kando au si wa kando. Nikachukua njia ya salama. Mlango sikuufungua.

Lakini mgeni huyu hakuja mikono mitupu. Alipoondoka nilifungua nikachungulia, nikakuta mbao kizingitini. Mbao zile zile za paa. Siku nyingine vioo vya madirisha. Siku nyingine taa. Kila kilichonipungukia jana, leo kipo mlangoni.

"Dada, uko na muchumba," alisema Mama Furaha.

"Astaghfirullah! Niko kwenye eda."

"Yeye anajua. Ndiyo maana haingie."

Tulicheka mpaka karanga zikamwagika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu Mei, na nilijisikia vibaya, kisha nikaona si vibaya.

Paa nililimaliza siku mbili kabla ya eda kwisha. Usiniulize lilivyokaa. Upande mmoja limeinama kama kofia ya mlevi. Lakini mvua ya mle ndani ilinyesha nami nikakaa chini yake nisilowe, na nikasema kwa sauti, "Athumani, limeisha." Mara moja tu.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa gauni la rangi. Kesho yake alasiri Rajabu akaja kuchukua kompyuta. Akavua viatu mlangoni, akaingia. Mama Furaha alikuwepo, amekaa kitandani.

"Haya shemeji, nionyeshe, nipige picha," akasema Rajabu, simu mkononi. Akaketi mbele ya skrini, akalitazama paa. "Hili paa umepiga wewe?"

"Mimi."

"Linaonekana."

Hapo ndipo mgeni akatokea upande wa miti. Shati la buluu, mwendo wake ule ule. Akafika mlangoni. Akaruka mara moja, mbili, tatu.

Rajabu akaangua kicheko. "Huyu nani? Anapiga hodi kama kaka! Tulipokuwa tunacheza, kila mtu kwenye mashine yake, haingii nyumbani kwangu mpaka aruke mara tatu. Namwambia kaka, ingia tu, ni gemu hii. Ananijibu, hodi ni hodi, mwenye nyumba asipoitika ya tatu unarudi ulik..."

Hakumaliza. Uso wake ulibadilika pale pale, niliuona.

"Shemeji. Unatumia intaneti ya nani?"

"Intaneti gani? Si ulichukua kisanduku?"

"Sasa huyu amepita wapi?"

Ningejua mimi? Kumbe mtu kuingia kwenye gemu yako kutoka nje lazima apite kwenye waya au hewani. Rajabu akainama nyuma ya meza. Waya ulikuwa unaning'inia msumarini, ncha yake haijashika kitu, pale pale alipouacha siku ya tatu ya msiba. Akaupapasa, akafuata pande zote za ile mashine kwa vidole. Hewani, alisema, mashine hiyo haikuwahi kuwa na kifaa cha kushika intaneti.

Alipoinuka alisoma dua ambayo sijawahi kusikia mtu akiisoma kwa kasi vile, na dua ilipofika katikati yeye alikuwa barabarani. Viatu vyote viwili aliviacha. Mama Furaha alimwona dirishani akipita mbele ya duka la nyama kwa soksi, moja ina tundu kisiginoni.

Yule mgeni bado alikuwa amesimama mlangoni. Siku zote alikuwa akingoja kidogo tu. Siku hiyo alingoja.

"Dada, fungua!" Mama Furaha akanipiga begani. "Mutu anasimama inje miezi mingi, na baridi ile yote!"

Nikashika kipanya. Nikafungua mlango. Nikasema, "Karibu," kwa mdomo wangu, chumbani, kwa sababu sikujua linavyosemwa humo ndani. Akaingia. Akapita chumba cha kwanza, akapita cha pili. Akasimama chini ya ule upande ulioinama, akainua kichwa, akatazama muda mrefu. Athumani angekuwa na la kusema kuhusu paa lile, nakuhakikishia. Kisha akapita jikoni, akatoka kwa mlango wa nyuma, na sikumwona tena mpaka leo.

Hicho ndicho nilichokiona. Siongezi. Shekhe niliyemuuliza aliniambia marehemu harudi, na viumbe wengine hupenda kuiga. Fundi niliyemuuliza akasema huenda gemu yenyewe huwa na watu wake, lakini alipofungua akatafuta, hakumpata. Mimi sisemi alikuwa nani. Nasema nilimfungia mlango zaidi ya siku mia, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo nawe nakuonya. Mtu wako akifa akaacha kompyuta, usikimbilie kuifuta. Kaa kwanza, fungua alichokuwa akifungua. Na aliye hai akikuita ukaone nyumba yake ya mraba, acha pasi, nenda.

Viatu vya Rajabu vilikaa kwangu siku kumi na moja. Kompyuta hakuitaka tena. Alipata nyingine, akasema mimi nikae na hii, tena akaapa. Miezi ikapita, kisha Jumapili iliyopita nikiwa jikoni nikamsikia anapiga hodi kutoka barabarani kabisa, majirani wote wanasikia. Akaingia, akazunguka nyuma ya meza akautazama waya, akaketi.

"Shemeji, naweza kucheza kidogo?"

Nikamwambia acheze. Nikarudi kwenye maandazi yangu. Nilipochungulia nikamwona amemtoa mtu wake nje, mbele ya mlango wangu wa mraba, na kidole chake kiko kwenye kile kitufe kirefu cha chini. Akaruka mara tatu.

"Karibu," nikaitika kutoka jikoni.