Mafuta ya Injini Yenye Kumbukumbu

Nilikuwa nikiandika vichekesho vya redio katika ofisi moja katikati ya jiji. Matangazo ya mafuta ya injini yalikuwa yamezidi: kila kampuni ilidai teknolojia yake hulinda chuma hata kabla hujawasha gari. Nikaamua kuyafanyia mzaha. Nikabuni mafuta yenye kumbukumbu, tukayatafutia mwanamume wa sauti nzito: "Yanakumbuka kila mlima uliowahi kukushinda. Yanaijua njia ya kwenu. Yakimwagika, yanarudi."

Tangazo likarushwa hewani Jumamosi asubuhi, na siku hiyo hiyo shangazi yangu wa Kinoo akanipigia simu. Ana pikapu kuukuu ya kubebea kabichi, na huwa inatoa moshi kama jiko la kuni mbichi.

"Hayo mafuta yanayokumbuka yanauzwa wapi?"

"Anti, ule ni mzaha. Ni mimi niliandika."

"Kwani wewe ulisomea magari?"

"Hapana, lakini..."

"Basi njoo unisindikize."

Nikatoka Woodley, nikaliacha gari langu uani kwake, tukateremka na pikapu hadi duka la vipuri karibu na soko la Kangemi. Niliuliza mimi, kwa sauti ya mtu anayengoja kuambiwa hakuna.

"Mna mafuta ya kumbukumbu?"

Mwenye duka hakupepesa macho. "Ya petroli ama ya dizeli?"

Akaweka mezani mtungi wa kawaida kabisa. "Lakini mama, mwaga ile ya zamani yote. Ukichanganya, itakumbuka gari ya mtu mwingine."

Shangazi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyekuwa akilishuku jambo hilo siku nyingi.

"Na ikimwagika, inarudi?" nikauliza.

Mwenye duka alinitazama kwa huruma. "Hiyo ni maneno ya redio, boss. Usiamini kila kitu."

Fundi wa hapo nje akamwaga mafuta ya zamani, ambayo yalikuwa yameganda kama uji wa jana, akatia mapya. Tulipanda mlima wa kurudi Kinoo bila pikapu kukohoa. Nikamweleza shangazi kwamba mafuta yoyote mapya yangefanya hivyo. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Kuandika ni kazi nzuri," akasema. "Lakini mengine uwaachie wanaojua."

Akaniandalia chai na ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha. Nilipotoka nje nikamkuta ameshafungua boneti ya gari langu, anamalizia kumimina yaliyobaki mtungini. Hakuniuliza, nami sikuwa na nguvu za kubishana tena.

"Sasa hata wewe utafika mapema," akasema, akifuta mikono kwa leso.

Nikielekea Ngong Road, nilizima redio ili nisikilize injini. Kusema kweli, ilikuwa imetulia.